Kabla ya kumtafutia mtoto dawa ya kumbukumbu, fungua daftari lake la Kiingereza

Dada yangu alinipigia simu Jumapili jioni, sauti yake ikionyesha kuchoka.

“Mdogo wangu, wewe si unaandika habari za afya? Hebu niambie, kuna dawa gani nzuri ya kumbukumbu kwa mtoto?”

Mwanawe yuko darasa la tano katika shule ya msingi ya Serikali jijini Dar es Salaam. Hesabu anaziweza na Kiswahili anaandika vizuri. Tatizo ni Kiingereza. Kwa wiki tatu mfululizo alikuwa amepata mbili kati ya kumi katika imla. Shuleni alichapwa, nyumbani akagombezwa, na jirani mmoja akamshauri dada amnunulie dawa ya maji ya “kuongeza akili”.

Nilimwomba asinunue chochote. Nikamwambia ningekwenda Jumamosi, na aniwekee tayari madaftari ya mtoto.

Makosa ya aina mbili

Tulikaa mkekani sisi watatu, tukaanza na daftari la kazi anazonakili ubaoni. Humo aliandika “moming” badala ya “morning”, “becanse” badala ya “because” na “chilclren” badala ya “children”.

Ukiyatazama haraka, utasema mtoto hajui kitu. Ukiyatazama taratibu, utaona kwamba makosa hayo yanahusu maumbo ya herufi. Herufi r na n zikikaribiana, kwa mbali huonekana kama m. Herufi u hudhaniwa kuwa n. Herufi d hugeuka c na l zilizosimama pamoja.

Tukafungua daftari la imla, ambako mwalimu husoma neno na mwanafunzi huandika. Humo makosa yalikuwa mengine kabisa: “naifu” badala ya “knife”, “pipo” badala ya “people”, “frendi” badala ya “friend”. Hapa alikuwa amesikia vizuri, ila aliandika Kiingereza kwa kanuni za Kiswahili.

“Ukiwa umekaa mahali pako, ubao unauonaje?” nilimuuliza.

“Nauona, mamdogo. Ila maandishi yanakuwa kama yana ukungu,” alijibu. “Huwa natazamia kwa mwenzangu.”

Dada alinyamaza. Mtoto hakuwahi kulisema hilo kwa sababu alidhani kila mtu anaona hivyo. Wiki iliyofuata alipelekwa hospitali kupimwa macho, ikabainika haoni vizuri vitu vilivyo mbali. Akaandikiwa miwani.

Baada ya kuanza kuvaa miwani, “moming” na ndugu zake walitoweka daftarini. Lakini “naifu” alibaki palepale. Miwani humsaidia mtoto kuona neno, haimfundishi kuliandika. Hapo ndipo kazi ya mazoezi ilipoanza.

Kwa nini Kiingereza kinawachanganya

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akishajua silabi, anaweza kuandika hata neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza hakiendi hivyo. Kina herufi 26, lakini sauti zake ni zaidi ya 40, na sauti moja inaweza kuandikwa kwa njia nyingi. Maneno mengine yamebakiza herufi zilizokuwa zikitamkwa zamani, kama k iliyo mwanzoni mwa “knife”. Matamshi yalibadilika, maandishi yakabaki.

Mwambie mtoto wako jambo hilo. Akijua kwamba k ile inawasumbua hata watoto waliozaliwa Uingereza, ataacha kujiona mjinga.

Makosa ya sarufi nayo yana chanzo chake. Kiswahili kina “yeye” kwa mwanamume na mwanamke, ndiyo maana mtoto huandika “my mother he is sick”. Sisi husema “kitabu kikubwa”, naye huandika “book big”. Kitenzi chetu hakiongezewi s mwishoni, basi naye huandika “she go to school”. Kila kosa kati ya hayo linaonyesha kwamba mtoto anafikiri kwa lugha anayoijua, na linakuonyesha zoezi la kumpa.

Kwa alama za uandishi, habari ni njema. Nukta mwishoni mwa sentensi, herufi kubwa mwanzoni, alama ya kuuliza na mkato katika orodha hutumika karibu sawa katika lugha zote mbili. Mtoto anayezoezwa kuziweka katika Kiswahili anajiandaa pia kwa Kiingereza. Vilivyo vigeni kwake ni vichache, kama “I” yenye maana ya “mimi”, ambayo huandikwa kwa herufi kubwa popote ilipo, na ritifaa, ile alama ya kwenye “ng’ombe”, ambayo katika Kiingereza hufanya kazi nyingine, kama kuonyesha umiliki: “Asha’s book”.

Dakika kumi tu kwa siku

Dada alikuwa na hofu moja. “Mimi mwenyewe Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Nitamfundishaje?”

Jibu ni kwamba kusimamia mazoezi hakuhitaji mzazi ajue Kiingereza. Kunahitaji mzazi anayejua kusoma herufi na anayekaa na mtoto wake. Hivi ndivyo tulivyopanga:

1. Maneno matano kwa siku, yatokane na makosa yaliyo kwenye daftari lake na yanakiliwe yakiwa yamesahihishwa. Usichukue orodha ndefu kutoka kwenye simu.

2. Mtoto alitazame neno, alitamke, alifunike kwa kiganja, aliandike, kisha afunue na kulinganisha herufi kwa herufi. Mzazi hukagua kama herufi zinafanana.

3. Akikosea, asiandike neno zima mara 50. Azungushie duara herufi aliyokosea tu, kisha arudie neno mara moja au mbili.

4. Maneno ya leo yaulizwe tena kesho, kisha keshokutwa, kisha Jumamosi. Mwaka 1885 mtaalamu wa saikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Aligundua kwamba mtu husahau haraka sana baada tu ya kujifunza, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hukaa kichwani kuliko kukariri kwa mkupuo. Mazoezi ya dakika kumi kila jioni yana faida kuliko saa mbili za Jumapili.

5. Mwishoni atunge sentensi moja yenye neno mojawapo. Aikague mwenyewe kwa maswali matatu: Nimeanza na herufi kubwa? Nimeweka nukta? Kama ni mtu mmoja anayetajwa, kitenzi changu kinahitaji s?

Jambo jingine ni usingizi. Mtoto wa umri wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku, na ubongo huhifadhi mambo mapya vizuri zaidi mtu akilala vya kutosha. Mazoezi yanayofanyika saa nne usiku, mtoto akisinzia na mzazi akifoka, hayamwachii kitu.

Lini umwone mtaalamu

Mpeleke mtoto akapimwe macho ukimwona anakunja uso akitazama mbali, anasogelea sana televisheni, analalamika kichwa kuuma, au anakosea zaidi anaponakili ubaoni kuliko anapoandika imla.

Akikosea zaidi katika imla, akiomba kila mara kurudiwa anachoambiwa, au akiwa na historia ya masikio kutoa usaha, apimwe usikivu.

Kipimo kingine unacho nyumbani, nacho ni Kiswahili. Mtoto anayesoma na kuandika Kiswahili bila shida lakini anakwama kwenye Kiingereza, mara nyingi anachohitaji ni mazoezi. Ila akiwa ameshavuka darasa la tatu na hata Kiswahili anakisoma kwa kuhangaika, anaruka silabi au anasahau neno alilolisoma mstari wa juu, zungumza na mwalimu na daktari. Kuna hali inayoitwa disleksia, ambayo humfanya mtu apate ugumu wa kusoma na kuandika hata akiwa na akili timamu kabisa. Watoto hawa hufundishika, lakini kwa njia na muda tofauti.

Hakuna dawa ya maji inayofundisha tahajia. Kama mtoto anaonekana mchovu, amepauka au hali vizuri, apimwe hospitali, atibiwe kile kitakachoonekana.

Muda haumngoji

Katika shule nyingi za msingi za Serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, masomo kama baiolojia na jiografia yanakuja kwa Kiingereza, na mitihani yake pia. Anayejua jibu lakini hawezi kuliandika hupoteza alama sawa na asiyelijua. Misingi hii ni rahisi zaidi kuijenga akiwa darasa la tatu, la nne au la tano kuliko kusubiri siku ya kununua sare za sekondari.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa dada. Daftari la imla lilikuwa na saba kati ya kumi. “Wednesday” bado inamshinda, na ile d ya katikati ameizungushia duara kwa kalamu yake mwenyewe.

“Mamdogo, hii d hata haitamkwi,” aliniambia. “Lakini nimeshajua inapokaa.”