Cheti cha sekondari, mzigo usiovuka mpaka kirahisi

Mfanyabiashara wa Busia anajua bei ya sukari pande zote mbili za mpaka. Anajua shilingi ya Uganda imeamkaje leo na gunia la mahindi litatozwa nini. Lakini mtoto anapomaliza shule, na karo ya chuo cha ng'ambo ikaonekana nafuu, mzazi huyo huyo anaweza kulipa muhula mzima ndipo agundue kuwa cheti alichobeba mwanawe kinasomwa tofauti hatua chache kutoka nyumbani.

Tatizo ni hesabu ya miaka. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza Kenya mwaka 1985, mwanafunzi hufanya mtihani wa KCSE akiwa kidato cha nne, na akipata wastani wa C+ anaweza kuomba shahada. Uganda na Tanzania zina miaka miwili zaidi ya sekondari ya juu kabla ya chuo kikuu. Ukijumlisha 8+4+4 ya Kenya na 7+4+2+3 ya Uganda, zote zinafika miaka 16. Kinachotofautiana ni mahali miaka hiyo inapokaa. Ndiyo maana shahada ya biashara Makerere au Dar es Salaam ni ya miaka mitatu, na Nairobi ni minne. Udaktari Kenya huchukua miaka sita. Kwa majirani hao wawili ni mitano.

Uganda humtaka mwombaji wa moja kwa moja awe na ufaulu wa masomo matano ya kidato cha nne, pamoja na masomo mawili makuu ya UACE aliyofaulu katika mtihani wa kikao kimoja. Tanzania nayo inataka masomo mawili makuu ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5 na D ni 2. Hicho ni kima cha chini tu. Kozi zenye ushindani hupandisha kizingiti, na kila moja hutaja masomo yake.

Kwa hiyo mtoto mwenye C+ ya Kenya asishangae akiambiwa aanze na cheti cha maandalizi au stashahada. Huo ni mwaka mmoja au zaidi wa karo, chakula na kodi ya chumba, na matangazo ya vyuo hayautaji kwa herufi kubwa. Anayetoka Uganda kwenda Kenya na masomo yake mawili makuu hupokelewa, ila atakaa miaka minne kwa kozi ambayo nyumbani ingemchukua mitatu. Karo ya mwaka ikiwa nafuu, bado izidishwe kwa nne.

Kurudi nyumbani nako kuna mitego. Sheria ya mwaka 2012 ya Kenya School of Law iliwawekea waliosomea shahada ya sheria nje sharti la C+ ya KCSE na B katika Kiingereza au Kiswahili. Wapo waliovuka mpaka na alama za chini, wakamaliza shahada, kisha wakaishia mahakamani kudai nafasi. Kabla ya kozi ya sheria, uhandisi au uuguzi, swali la kwanza liende kwa bodi ya taaluma ya nchi ambako mtoto atafanya kazi.

Wakuu wa Afrika Mashariki walitangaza Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu mwezi Mei 2017, na Baraza la Vyuo Vikuu la kanda, lenye makao Kampala, lina mfumo wa kulinganisha sifa. Dirishani, hata hivyo, karani bado anauliza cheti cha ulinganifu. Vyeti vya sekondari vya kigeni hulinganishwa na UNEB kwa Uganda na NECTA kwa Tanzania. Shahada huulizwa NCHE Kampala, TCU Tanzania, CUE Nairobi na HEC Kigali. Hapo mzazi aulizie kozi yenyewe kwa jina, kwani chuo chenye kibali kinaweza kufundisha kozi ambayo haijaidhinishwa. Na jibu alipate kwa maandishi kabla hajaenda benki.