Kumtayarisha Mbwa au Paka Anayekwenda Kupasuliwa

Huenda ukashangaa kumsikia muuguzi akizungumza juu ya mbwa na paka. Lakini mtoto akiumwa na mbwa huletwa kwetu, na karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Mbwa jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na wale watoto wanaotupwa karibu na soko ndio wanaokua wakizurura bila chanjo. Kwa hivyo mpeleke jike wako kwa daktari wa mifugo afungwe uzazi, na dume ahasiwe. Wengi hufanyiwa wakiwa na umri wa miezi sita hivi.

Usingoje siku yenyewe ya kupasuliwa. Mpeleke mapema akaguliwe. Daktari atampima uzani, kwa sababu dawa ya usingizi hutolewa kulingana na kilo, atasikiliza moyo na kutazama ufizi. Ufizi mweupe huonyesha upungufu wa damu, ambao mara nyingi huletwa na kupe au minyoo, na mnyama kama huyo hutibiwa kwanza. Mweleze daktari kama ana mimba, kama yuko kwenye joto, na dawa anazotumia. Beba kadi ya chanjo. Kama hajachanjwa dhidi ya kichaa, sema hivyo. Chanjo hutolewa kuanzia miezi mitatu. Wako watu wanaodhani mbwa akihasiwa hawezi kupata kichaa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa tuje kwenye chakula, maana hapa ndipo wengi hukosea. Mnyama mzima asile chochote tangu usiku wa kuamkia siku ya upasuaji. Maji anaweza kunywa mpaka asubuhi, isipokuwa daktari akuambie vingine. Akipewa nusu kaputi, koo hulegea. Tumbo likiwa na ugali, anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni, akafa pale mezani au akapata nimonia. Ndiyo sababu hata binadamu tunamnyima chakula kabla ya upasuaji. Lakini mtoto wa mbwa au wa paka hafai kukaa na njaa usiku kucha, kwa kuwa sukari yake hushuka upesi. Muulize daktari ni saa ngapi hasa.

Mimi mwenyewe, ninayewaambia wagonjwa maneno haya kila siku, niliwahi kurudishwa nyumbani na paka wangu. Mtoto wangu alimsikia akilia jikoni alfajiri, akamhurumia, akampa maziwa. Niliambiwa tukiwa tayari njiani, na nusura ninyamaze kwa kuwa nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Nikasema. Nauli ilipotea, lakini wiki iliyofuata paka alipasuliwa salama. Kwa hivyo waambie wote nyumbani, hata mlinzi, na umfungie mnyama ndani usiku huo asije akaokota mifupa jaani.

Mwoshe siku iliyotangulia, kwani baadaye hataoga kwa siku 10 hadi 14, mpaka kidonda kipone. Paka abebwe ndani ya kikapu chenye kifuniko, na mbwa afungwe kamba imara.

Akirudi atayumbayumba. Mlaze mahali pakavu penye joto, mbali na watoto, kwa sababu mnyama aliyelewa dawa huweza kumuuma hata mwenyewe. Asirambe mshono, daktari anaweza kumvisha kola pana ya plastiki. Dume naye asiachwe na majike kwa wiki kadhaa, kwa kuwa bado ana mbegu mwilini.

Na tafadhali, usimpe dawa za watu. Tembe moja ya parasetamoli inaweza kumuua paka, na ibuprofeni humdhuru mbwa tumbo na figo. Mpe tu dawa uliyopewa na daktari wake.

Mshono ukifunguka, ukitoa usaha au damu, au akikataa chakula zaidi ya siku moja, mrudishe. Naye akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uje kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kadi yake inaonyesha amechanjwa.