Deng Yaping: Kimo Kifupi, Enzi Ndefu

Makocha wa vijana walimtazama Deng Yaping wakatikisa kichwa. Binti huyo, aliyezaliwa mwaka 1973 mjini Zhengzhou, China, alikuwa mfupi mno. Hata utu uzima ulipomkuta alifikia takriban mita 1.50 tu. Mpira ukipigwa pembeni angeufikiaje? Baba yake, ambaye naye alikuwa kocha wa mpira wa meza, hakukata tamaa.

Deng alizoezwa kusimama karibu kabisa na meza na kuuwahi mpira ungali unapanda, kabla mpinzani hajajipanga. Upande mmoja wa raketi yake ulikuwa na raba laini ya kushambulia, na wa pili raba ya vinundu virefu, inayomrudishia mpinzani msokoto alioutia mwenyewe. Mpira huo ukitua upande wa pili, mtu hajui kama utazama au utapaa.

Mwaka 1989 alitwaa ubingwa wa dunia wa wachezaji wawili wawili akiwa na Qiao Hong, na mwaka 1991, huko Chiba, Japani, ule wa mchezaji mmoja mmoja. Lakini huko huko Chiba timu ya China ilipoteza fainali mbele ya Korea mbili zilizoungana, na Deng mwenyewe alifungwa na Yu Sun-bok. Mwaka 1993 alitolewa mapema katika ubingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja. Nayataja haya makusudi, kwa sababu hadithi yake husimuliwa kana kwamba hakuwahi kuanguka.

Mechi ninayoienzi zaidi ni fainali ya Olimpiki ya Atlanta, 1996, dhidi ya Chen Jing wa Taiwan. Deng aliongoza seti mbili, Chen akazirudisha zote mbili. Seti ya tano, wakati wengine miguu ingekuwa inawatetemeka, Deng alishinda 21 kwa 5! Ilikuwa dhahabu yake ya nne ya Olimpiki.

Alistaafu mwaka uliofuata, akiwa na miaka 24 na bado bingwa wa dunia. Akajiunga na Chuo Kikuu cha Tsinghua. Alipoambiwa aandike herufi za Kiingereza, alichanganya kubwa na ndogo. Basi akaanzia hapo, akarefusha usiku kwa vitabu, akaenda Nottingham kwa shahada ya uzamili, kisha Cambridge, alikotunukiwa uzamivu mwaka 2008.