Kabla ya Mashine, Vipimo: Fedha za Hisani na Utafiti wa Figo Korogwe

Mwaka 2007 watoto 894 wa Korogwe, Tanzania, na Kilifi, Kenya, wenye umri wa miezi mitano hadi kumi na saba, waliingizwa kwenye majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Matokeo yalitangazwa Desemba 2008: katika ufuatiliaji wa wastani wa miezi minane, chanjo ilipunguza homa za malaria kwa asilimia 53. Baadaye Korogwe ikawa miongoni mwa vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyofanya majaribio makubwa ya watoto 15,459, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Sehemu ya fedha za kazi hiyo ilitoka kwenye mfuko wa hisani wa Bill na Melinda Gates kupitia shirika la PATH, nyingine ikitoka kwa GSK, kampuni iliyotengeneza chanjo yenyewe. Fedha hizo hazikuishia kwenye sindano. Zilisaidia kukuza maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, mjini Korogwe, na kuwapa uzoefu wataalamu wa maabara, watunza takwimu na watu wa vijijini waliojifunza kuomba ridhaa ya mzazi kabla ya kugusa mkono wa mtoto. Hoja yangu ni kwamba uwezo huu uliojengwa na malaria sasa utumikie ugonjwa wa figo, na kwamba wanaotoa sadaka kwa ajili ya figo, wawe wa hapa au wa ng'ambo, watenge fungu la utafiti badala ya kupeleka kila shilingi kwenye matibabu ya hatua ya mwisho.

Figo huharibika kimyakimya. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kuchuja damu bila kuhisi lolote, akalima, akapanda bodaboda, akalea watoto, hadi siku miguu inapovimba na pumzi kukata. Anapofika hospitali katika hali hiyo, mara nyingi njia zinazobaki ni mbili: kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Kusafisha damu kwa kawaida hufanyika mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Tukikadiria shilingi 200,000 kwa kila kikao, mwaka mmoja wenye vikao 156 unadai shilingi 31,200,000, na mwakani hesabu inaanza upya, mbali na nauli na siku za kazi zilizopotea. Upandikizaji wa kwanza nchini ulifanyika Hospitali ya Muhimbili Novemba 2017, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata kwa msaada wa kundi la hospitali za Tokushukai la Japani. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Hata hivyo, yanawafikia wale ambao figo zao zimekwisha kufa, na kati yao ni wale tu waliopata njia ya kufika.

Tunaanzia wapi basi? Kwa majirani zetu wa Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa na wataalamu wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, uliwapima watu wazima 481 majumbani mwao. Kwa jumla asilimia 7 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Mjini ilikuwa asilimia 15.2, vijijini asilimia 2. Wengi wa waliokutwa nao hawakujua. Kinachonishughulisha zaidi ni kwamba karibu nusu yao hawakuwa na kisukari, wala shinikizo la damu, wala virusi vya Ukimwi, mambo matatu yanayotajwa kwanza kila figo zinapozungumzwa. Kampeni inayohubiri sukari na presha peke yake inaweza kuwaacha watu wengi kiasi hicho bila jibu. Watuhumiwa wengine wapo, nao tunaishi nao: vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa dukani na kumezwa kila jioni, baadhi ya dawa za miti shamba, kichocho, malaria kali, na joto.

Nalitaja joto kwa makusudi. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador walieleza juu ya wanaume wa pwani ya nchi yao waliokuwa wakiuawa na ugonjwa wa figo bila kisukari wala presha. Uchunguzi uliofuata Amerika ya Kati uliwakuta wakata miwa wengi katika hali hiyo, na kinachoshukiwa zaidi ni kazi nzito juani bila maji ya kutosha, siku baada ya siku, ingawa wanasayansi bado wanabishana kuhusu sababu nyingine. Hatua zilizoanza kujaribiwa mashambani hazihitaji mashine: maji, kivuli na mapumziko yenye ratiba. Sasa tazama Korogwe. Ngombezi, Magoma na Hale ni nchi ya mkonge, na mkata mkonge hulipwa kwa wingi wa majani aliyokata, kwa hiyo kila dakika ya kupumzika inamkata mfukoni. Sisemi kwamba mkonge unaua figo. Nasema mkata mkonge wa Ngombezi anastahili kuulizwa swali aliloulizwa mkata miwa wa El Salvador, na swali hilo linaanza kujibiwa kwa vifaa vya bei nafuu: karatasi ya kupima protini kwenye mkojo, kipimo cha kreatinini kwenye damu, na daftari la kurudi kwa mtu yuleyule mwakani na mwaka wa tatu.

Wapo watakaosema kwamba ni ukatili kuwapima wazima huku wagonjwa wanakufa kwa kukosa fedha za kusafishwa damu. Pingamizi hili lina uzito, na mtu ambaye ndugu yake yuko kitandani ana haki ya kulitoa kwa hasira. Lakini tiba na utafiti si lazima vigombee mfuko mmoja. KCMC, kwa kusaidiwa na shirika la hisani la Sustainable Kidney Care Foundation, ilianzisha huduma ya kusafisha damu kupitia tumbo kwa wagonjwa ambao figo zao zimesimama ghafla, njia isiyohitaji mashine kubwa. Waliandika kumbukumbu za kila mgonjwa na mwaka 2012 wakachapisha matokeo: kati ya wagonjwa 20, figo za 16 zilirudi kufanya kazi. Kwa kuwa waliandika, hospitali nyingine ziliweza kujua njia hiyo inafaa nini katika mazingira kama yetu. Msaada unaonunua kifaa bila kulipia kumbukumbu huokoa waliopo kisha huzimika.

Pingamizi la pili linahusu mwenye fedha. Mfadhili wa mbali huchagua ugonjwa anaoupenda, hukusanya damu zetu, na jina kubwa kwenye makala huwa la profesa wa kwao. Imewahi kutokea mara nyingi kiasi kwamba haifai kuikanusha. Lakini hisani inaweza kupangwa vingine. Utafiti wa selimundu Muhimbili, ulioanza mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani, ulifadhiliwa na Wellcome Trust ya Uingereza, na swali lilikuwa la Mtanzania kuhusu wagonjwa wa Tanzania. Kwa figo tunaweza kwenda mbele zaidi kwa kuweka fedha zetu humo, kwa kuwa anayechangia ndiye anayepata sauti ya kuchagua swali. Misikiti na makanisa ya Korogwe na Handeni hukusanya sadaka, mashamba ya mkonge yana faida ya moja kwa moja katika afya ya wafanyakazi wao, na harambee za kumpeleka mgonjwa India hatuzioni ajabu. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyapa magonjwa ya figo uzito unaostahili. Azimio halina mfuko wa fedha, ila linampa waziri wa afya hoja ya kusimamia anapokaa na wafadhili.

Pingamizi gumu kuliko yote husemwa kwa sauti ndogo: utampima mtu, utamkuta mgonjwa, kisha utamwambia nini? Kupima na kuondoka si utafiti wa heshima. Ndiyo maana bajeti yoyote ya figo Korogwe iwe na fungu la dawa za presha na kisukari kwa watakaokutwa nazo, nauli ya rufaa hadi hospitali ya Bombo, Tanga, au KCMC, na mshahara wa muuguzi atakayewafuatilia baada ya watafiti kumaliza. Watoto wa majaribio ya chanjo walipougua walitibiwa kwa gharama ya mradi, na wazazi waliendelea kuwaleta. Mkata mkonge atakayetoa mkojo wake kwa ajili ya sayansi anastahili mkataba huohuo, uandikwe kwa Kiswahili na asomewe kabla hajatia sahihi.