Nyimbo Zao Tunazijua, Maisha Yao Je?

Jioni moja nilikuwa jikoni nachambua mchicha. Binti yangu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili, akaja akasimama mlangoni. Alikuwa akizungusha-zungusha ncha ya kanga yake, nami nikajua ana neno. "Mama," alisema, "nikimaliza shule nataka niwe mwanamuziki."

Sikumpa nafasi ya kueleza. Nilimwambia kwa ukali kwamba muziki ni kazi ya wahuni, na kwamba sikumsomesha ili aende kuimba baa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akajibu kwa upole, "Sijasema baa, mama." Akaenda kulala bila kula.

Usiku huo nilikuwa na zamu katika wodi ya wazazi. Kazi ilipotulia, mhudumu mmoja alifungulia redio yake kwa sauti ya chini, nami nikajikuta nafuatisha wimbo huku nakunja mashuka. Ulikuwa wimbo wa Yvonne Chaka Chaka wa Afrika ya Kusini, ambao tangu utoto wangu haukosekani harusini. Nikasimama na shuka mkononi. Mwanamke huyu amenifurahisha karibu maisha yangu yote. Je, naye ni mhuni? Ukweli ni kwamba sikujua lolote juu yake. Wimbo niliujua, mwenye wimbo sikumjua.

Mama mwenzangu, tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za wanawake wanamuziki wa Afrika, hasa yale waliyoyaeleza wenyewe kuhusu maisha yao. Hapa nimechagua watatu. Sisemi kwamba kila walilofanya ni la kuigwa. Lakini niliyoyakuta yalinifanya nimwombe binti yangu radhi.

Miriam Makeba: hakuweza kumzika mama yake

Miriam Makeba alizaliwa Johannesburg tarehe 4 Machi 1932. Alipokuwa na umri wa siku 18 tu, mama yake alikamatwa kwa kosa la kupika na kuuza pombe ya kienyeji iitwayo umqombothi. Hakuwa na fedha za kulipa faini, akafungwa miezi sita, na kichanga chake kikaenda naye gerezani. Sisi tunaohudumia wazazi tunajua mtoto wa siku 18 alivyo: kitovu kimepona juzi tu, na shingo bado haijakaza. Huo ndio umri ambao Miriam aliingia jela kwa mara ya kwanza, akiwa mgongoni mwa mama yake.

Baba alifariki Miriam akiwa na miaka sita. Mama alifanya kazi katika nyumba za Wazungu, na watoto wakalelewa kwa msaada wa bibi yao. Miriam mwenyewe alizaa akiwa bado msichana. Binti yake pekee, Bongi, alizaliwa mwaka 1950. Ndoa yake ya kwanza haikudumu. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1988, alieleza waziwazi kwamba mumewe alikuwa akimpiga.

Sauti yake ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1959 alisafiri kwenda Ulaya na baadaye Marekani, na watu wakampenda mara moja. Lakini mwaka 1960 zikamfikia habari kwamba mama yake amefariki. Alipotaka kurudi kuzika, aligundua kwamba serikali ya makaburu imefuta pasipoti yake. Hakurudi. Wewe uliyewahi kufiwa na mama unajua maana ya kutupa udongo wako kaburini pamoja na ndugu zako. Miriam aliomboleza akiwa ng'ambo ya bahari, na bado alitakiwa kusimama jukwaani na kuimba.

Mwaka 1963 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza mateso ya watu wake. Adhabu yake ilikuwa kunyang'anywa uraia, na nyimbo zake zikapigwa marufuku nchini kwake. Watu walipomwita mwanasiasa, alikuwa akijibu kwamba yeye haimbi siasa, anaimba ukweli. Mwaka 1966, pamoja na Harry Belafonte, alipata tuzo ya Grammy, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Sisi wa Afrika Mashariki tunamkumbuka pia kwa "Malaika", wimbo wetu wa Kiswahili ambao aliuimba katika kumbi za dunia nzima.

Lakini pigo ambalo mimi kama muuguzi siwezi kulisoma nikalipita haraka ni la mwaka 1985. Miriam alikuwa akiishi Guinea. Bongi, ambaye naye alikuwa mwimbaji na mara nyingi aliimba pamoja na mama yake, alifariki kwa matatizo ya uzazi akiwa na umri wa miaka 34. Aliacha watoto wawili, na bibi yao akawachukua. Nimewaona mabibi wa namna hiyo mlangoni mwa wodi yetu, wakija kumchukua binti yao na mtoto wake, lakini wakirudi nyumbani na kanga tupu na mtoto mchanga. Umaarufu haumkingi mtu na mlango huo.

Miriam Makeba alirudi kwao mwaka 1990, baada ya miaka 31. Uzeeni alianzisha kituo cha kuwalea wasichana wenye shida. Tarehe 9 Novemba 2008, akiwa na miaka 76, aliimba katika mji wa Castel Volturno nchini Italia. Alipomaliza kuimba aliugua ghafla, na usiku huo akafariki. Ndoa zake zaidi ya moja zilivunjika, na hilo yeye mwenyewe hakulificha. Lakini hakuna atakayesema kwamba sauti yake aliitumia ovyo.

Oumou Sangaré: imba kama uko jikoni kwetu

Serikali ndiyo iliyomtenga Makeba na mama yake. Msanii wa pili aliyanywea machungu ndani ya nyumba yao wenyewe.

Oumou Sangaré alizaliwa Bamako, mji mkuu wa Mali, mwaka 1968. Alipokuwa na umri wa kama miaka miwili, baba yake, aliyekuwa ameoa mke mwingine, alihama akaiacha familia. Mama yake, ambaye naye alikuwa mwimbaji, alibaki na watoto na mzigo wote wa kuwalea. Oumou akiwa mdogo kabisa akaanza kwenda na mama yake kuimba katika harusi na sherehe za kuwapa watoto majina, ili nyumbani kupatikane chakula.

Ameeleza kwamba alipokuwa mtoto alipelekwa kuimba uwanjani mbele ya maelfu ya watu, akaingiwa na hofu. Mama yake akamwambia aimbe kama vile yuko nyumbani jikoni. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu kwa muda. Mimi pia nilizungumza na binti yangu jikoni kuhusu kuimba. Yule alimpa mwanawe ujasiri. Mimi nilimpa wangu aibu.

Mwaka 1989 Oumou alirekodi kanda yake ya kwanza, "Moussolou", yaani "Wanawake". Kanda zaidi ya 200,000 ziliuzwa Afrika Magharibi. Katika nyimbo zake aliyasema yale ambayo wanawake wa kwao walikuwa wakinong'onezana kisimani: uchungu wa mitala, wasichana kuozwa kabla ya wakati na bila kuulizwa, na mwanamke kunyimwa haki ya kuchagua. Baadhi ya wanaume walimkasirikia, wakisema anavunja mila. Yeye alikuwa ameona machozi ya mama yake, na hakukubali kunyamaza. Wakati huohuo hakuzidharau mila zote, kwa maana muziki wake wenyewe ameujenga juu ya ngoma na nyuzi za Wassoulou, nchi ya asili ya mama yake.

Jambo lingine lililonigusa ni bidii yake. Fedha za muziki hakuzitapanya. Alijenga hoteli Bamako, na amesema kwamba alitaka wanawake wenzake waone kuwa maisha huboreka kwa kufanya kazi. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilimteua kuwa balozi wake wa hisani. Mtoto aliyeimba ili wale, akawa msemaji wa wenye njaa.

Yvonne Chaka Chaka: rafiki aliyekufa kwa malaria

Sasa nirudi kwa yule wa redioni. Yvonne Chaka Chaka alizaliwa Soweto mwaka 1965. Naye alifiwa na baba akiwa mtoto, na mama yake akawalea mabinti watatu kwa mshahara wa kazi za ndani. Wimbo wake mmoja maarufu sana unaitwa "Umqombothi". Ndiyo, ni pombe ileile iliyompeleka mama yake Makeba gerezani! Kilichokuwa kosa la jinai kwa mama mmoja mwaka 1932, miaka hamsini na kitu baadaye kilichezwa harusini Afrika nzima. Wengi wetu tuliucheza bila kujua maana ya neno hilo, hata sisi tusioonja pombe!

Mwaka 2004 Yvonne na wenzake walifanya safari ya muziki nchini Gabon. Mmoja wa waimbaji wake, Phumzile Ntuli, aliambukizwa malaria, na ugonjwa huo ukamwua. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu jambo hili ni la kazi yangu. Johannesburg na Soweto hakuna malaria. Mtu aliyekulia huko mwili wake haujazoea vimelea hivyo, na akiumwa na mbu wa malaria anaweza kuzidiwa katika siku chache. Tena homa huweza kuanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati msafiri amekwisha rudi kwake na kusahau. Watu hudhani ni mafua au uchovu wa safari.

Yvonne angeweza kulia, kuzika na kuendelea na maonyesho. Badala yake alilichukua jina lake, lile linalojulikana na kila dereva wa teksi kuanzia Dar es Salaam hadi Lagos, akaliingiza katika vita dhidi ya malaria. Akawa balozi wa UNICEF katika jambo hilo, na mwaka 2006 akaanzisha mfuko wake wa hisani. Amekwenda vijijini akizungumza na akina mama juu ya vyandarua na matibabu ya mapema. Mimi nimetoa somo hilohilo kliniki kwa miaka mingi, na najua akina mama wanavyosinzia muuguzi akianza kusema. Mwimbaji wanayempenda akisema, husikiliza.

Basi na wewe usikilize: mtoto mwenye homa apimwe siku hiyohiyo, na mama mjamzito alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Mgeni anayetoka mahali pasipo na malaria, akipata homa, asingoje hata kesho.

Tunajifunza nini?

La kwanza, nyuma ya kila mmoja wa wanawake hawa yuko mama. Hakuna aliyekuwa na mama tajiri au mwenye elimu kubwa. Mmoja alifungwa, mmoja aliachwa, mmoja alifua nguo za watu. Lakini mabinti zao walipoulizwa nguvu zao zimetoka wapi, waliwataja mama zao. Wewe unayedhani kwamba huna cha kumrithisha mwanao, tafakari hilo.

La pili, kipawa hakimwondolei mtu msalaba. Tunawaona waimbaji wakimeta jukwaani, tukadhani hawalii. Binti anayetaka njia hiyo aambiwe ukweli wote: kuna kutengana na nyumbani, kuna wanaume wenye nia mbaya, na kuna ndoa zinazoyumba. Aambiwe na mama yake, tena kwa upole, kabla hajaambiwa na dunia.

La tatu, uhuni hauko katika kuimba. Uko katika kile mtu anachokubali kukiuza. Hawa walikuwa na nafasi ya kuimba ya kuchekesha tu na kupokea fedha zao. Makeba aliupoteza uraia kwa ajili ya ukweli, Sangaré akachukiwa kwa ajili ya wanawake wenzake, na Chaka Chaka akageuza msiba wa rafiki kuwa kinga ya watoto wa wengine.

Mimi na binti yangu

Asubuhi ile nilipotoka zamu nilimkuta amekwisha kwenda shule. Nilimngoja. Aliporudi nilimwambia, "Mwanangu, jana nilikukosea. Nilikuhukumu kabla ya kukusikia." Alinitazama kana kwamba hajasikia vizuri, maana kwetu mzazi kumwomba mtoto radhi si jambo la kila siku. Kisha tukaketi, nikamwuliza yale niliyopaswa kuuliza tangu mwanzo. Nami nakuachia maswali hayo, huenda yakakufaa:

Unataka kuimba nini, na kwa ajili ya nani? Nani atakufundisha, na nani atakuwa nawe ukisafiri? Kuna jambo gani ambalo hutalifanya hata ukipewa fedha? Na sauti ikikatika kesho, utaishi kwa kazi gani?

Swali la mwisho alishindwa kulijibu, nami sikumlazimisha. Tulikubaliana kwamba shule ni lazima, na kwamba aingie katika kwaya ya vijana ili ajifunze kusoma noti na kuimba na wenzake. Sijui kama atakuwa mwanamuziki. Baba yake bado hajaridhika, na mazungumzo yetu kuhusu jambo hilo hayajaisha. Lakini sasa jioni akiosha vyombo huimba kwa sauti, wala hanyamazi nikiingia.