Je, kufunga kunaleta vidonda vya tumbo? Namna mwili unavyopima asidi, nyongo na maji ya kongosho

Kila Kwaresima inapokaribia, swali ni lile lile. Mwaka huu lilitujia hapa Hale, katika jumuiya ndogo ndogo iliyo upande wa mashamba ya mkonge. Baada ya sala mama mmoja alitubakiza nyuma. "Mafrateri wanangu," alisema, "mimi nina vidonda vya tumbo. Nikikaa na njaa asidi inanichoma mpaka mgongoni. Nisipofunga Jumatano ya Majivu, natenda dhambi? Na nikifunga, si nitakufa?"

Sehemu ya kwanza ya swali ni rahisi. Sheria ya kufunga inawabana waamini kuanzia miaka 18 hadi wanapoingia mwaka wa 60, na siku zenyewe za lazima ni mbili tu kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mgonjwa habanwi. Tulimwambia hivyo, akashusha pumzi. Lakini sehemu ya pili ilitubana sisi. Nusu ya wana jumuiya waliosikia walidai kwamba njaa ndiyo inayotoboa tumbo, kwa sababu "asidi ikikosa chakula inakula nyama". Wengine wanaacha kufunga kwa hofu hiyo, ingawa ni wazima. Wengine, ambao ni wagonjwa kweli, wanakula saa zote na kuamini wamejitibu. Tuliahidi kuandika.

Tuanze na hesabu. Kwa siku moja mtu mzima anameza maji na chakula chenye majimaji kama lita 2. Ndani ya mwili mwake tezi zinamwaga lita nyingine 7 hivi: mate kama lita moja na nusu, maji ya tumbo yenye asidi lita 2, nyongo nusu lita hadi lita moja, maji ya kongosho zaidi ya lita moja, na yanayobaki yanatoka kwenye kuta za utumbo wenyewe. Jumla ni lita 9, yaani karibu ndoo ndogo nzima. Kinachotoka chooni ni kama robo lita au pungufu. Yote mengine yanafyonzwa na kurudi kwenye damu. Kazi kubwa kiasi hicho haiwezi kuendeshwa ovyo. Sisi wa Hale tunakielewa kitu hiki kuliko wengi, maana tunaishi jirani na kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1964, chenye uwezo wa megawati 21. Maji ya mto Pangani hayaachiwi tu yapite kwenye mitambo. Kuna anayefungua na kufunga kwa kadiri umeme unavyotakiwa na kwa kadiri mto ulivyojaa. Tumboni pia kuna wafunguzi, na kuna wafungaji, ambao watu huwasahau.

Mfunguzi wa kwanza yuko kichwani. Ukishuka kwenye basi pale Segera ukanusa samaki anayekaangwa, mdomo unajaa mate kabla hujauliza bei. Wakati huo huo ubongo umetuma habari tumboni kwa mshipa wa fahamu unaoitwa vagasi, na tumbo limeanza kutoa asidi. Karibu theluthi moja ya asidi yote ya mlo huachiwa kwa njia hii, kwa kuona, kunusa, kuonja na hata kuwazia.

Mfunguzi wa pili yuko tumboni penyewe. Chakula kikiingia, hasa chenye protini kama maharage, dagaa au maziwa, na tumbo likitanuka, seli zilizo sehemu ya chini ya tumbo zinatoa homoni iitwayo gastrini. Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Gastrini haimwagiki juu ya chakula. Inaingia kwenye damu, inazunguka mwili, inapita moyoni, kisha inarudi kwenye tumbo lile lile ilikotoka na kuamuru seli za juu zitoe asidi. Sehemu kubwa ya amri hiyo inapitia kwa histamini, ndiyo sababu dawa zinazozuia histamini tumboni hupunguza asidi. Asidi hiyo ni kali kweli. Inaua vijidudu vingi na inaamsha pepsini, kimeng'enya kinachokata protini.

Sasa njoo kwa mfungaji, maana ndiye jibu la mama yetu. Asidi ikizidi tumboni, na hakuna chakula cha kuipunguza makali, seli nyingine zinaihisi na kutoa homoni iitwayo somatostatini. Hiyo inaizuia gastrini, na bomba linapunguzwa. Kwa maneno mengine, asidi yenyewe inajifungia mlango. Mtu mwenye afya ambaye hajala tangu jana jioni hana tumbo lililojaa asidi inayopanda kila saa. Ana kiasi kidogo tu, na ukuta wa tumbo lake umepakwa ute mzito wenye chumvichumvi za aina ya magadi, unaoilinda nyama.

Watu walikwisha kuliona hili kwa macho karibu miaka 200 iliyopita. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, mwindaji mmoja Mkanada aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu la tumbo halikufunga. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alichungulia kupitia tundu hilo kwa miaka kadhaa, akiingiza vipande vya nyama vilivyofungwa kwa uzi na kuvitoa baada ya saa moja au mbili. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1833 aliandika kwamba tumbo tupu halikai na maji yake ya kumeng'enya. Maji hayo huja chakula kinapoingia. Aliona pia kwamba St. Martin akikasirika, tumbo lilibadilika. Tunakiri kuna kitu kinachotukera katika habari hii. Mgonjwa alikuwa maskini, na daktari alimtumia kama chombo. St. Martin alipofariki mwaka 1880 familia yake ilichelewesha mazishi makusudi mpaka mwili uharibike, ili madaktari wasimchukue kumpasua.

Chakula kikitoka tumboni kinaingia duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, na hapo kazi inabadilika. Ukuta wa utumbo hauna ulinzi kama wa tumbo, kwa hiyo asidi lazima ipozwe haraka. Asidi ikigusa duodeni, seli zake zinatoa sekretini kwenye damu. Sekretini inaliamuru kongosho litoe maji mengi yenye chumvichumvi za magadi. Mafuta na protini zikigusa hapo hapo, inatoka homoni nyingine, kolesistokinini, ambayo inafanya mambo matatu. Inakibana kifuko cha nyongo ili nyongo imwagike juu ya mafuta. Inalitaka kongosho lilete vimeng'enya. Na inaliambia tumbo lipunguze mwendo, lisisukume mzigo mwingine mpaka huu uishe. Ndiyo sababu ukila pilau yenye mafuta siku ya somo wa parokia unakaa umeshiba mpaka jioni, wakati uji wa asubuhi umekwisha kabla ya kipindi cha tatu darasani.

Sekretini ndiyo homoni ya kwanza kabisa kugunduliwa duniani, na kwa waseminari historia yake ina ladha ya pekee. Mwishoni mwa karne ya 19 mwalimu mkubwa wa elimu ya kumeng'enya chakula alikuwa Ivan Pavlov wa Urusi, mtoto wa padre wa Kiorthodoksi, ambaye mwenyewe alisoma seminari ya Ryazan kabla ya kuiacha na kwenda chuo kikuu mwaka 1870. Pavlov aliamini kwamba kongosho linaamriwa na mishipa ya fahamu. Januari 1902, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa yote ya fahamu iliyokwenda kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, wakakitia asidi. Kongosho likatoa maji yake vile vile. Wakakwangua utando wa utumbo, wakausaga pamoja na asidi, wakachuja, wakauchoma kwenye mshipa wa damu. Kongosho likatoa tena. Habari ilikuwa imesafiri kwa damu. Mwaka 1905 Starling alianza kutumia jina "homoni", kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kuchochea. Pavlov alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, na jaribio la Waingereza lilipofaulu pia katika maabara yake mwenyewe, alikubali kwamba wenzake walikuwa sahihi. Mishipa ya fahamu inafanya kazi, lakini haiko peke yake.

Basi mbona tukifunga tumbo linanguruma na kuuma? Kunguruma ni usafi. Mtu akiwa hajala, kila dakika 90 hadi 120 wimbi la misuli linaanzia tumboni na kusafiri mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, likifagia mabaki. Homoni iitwayo motilini inahusika. Nayo hamu ya kula inaongezwa na ghrelini, iliyogunduliwa mwaka 1999, ambayo hupanda karibu na saa tulizozoea kula. Sisi tunaoishi kwa kengele tunaifahamu hata bila kitabu: siku ya mafungo njaa inapiga saa saba kamili, kisha saa tisa imepoa, na hakuna aliyekula kitu. Njaa hiyo ni ya saa. Haina maana kwamba tumbo linatoboka.

Vidonda vina chanzo chake. Mwaka 1982 huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kuotesha bakteria anayeishi chini ya ute wa tumbo, ambaye leo anaitwa Helicobacter pylori. Kwa kuwa hawakuaminiwa, Marshall alimnywa bakteria huyo mwaka 1984 na kupata uvimbe wa tumbo. Walipewa Nobel mwaka 2005. Bakteria huyu, ambaye ni wa kawaida sana Afrika Mashariki na huambukizwa tangu utotoni, anamharibu yule mfungaji tuliyemtaja. Somatostatini inapungua, gastrini inabaki juu, asidi inamwagika hata pasipohitajika, na duodeni linachomwa. Chanzo cha pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, zinazonunuliwa dukani bila kuuliza. Zinapunguza ute unaolinda tumbo. Mzee anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti yuko hatarini kuliko kijana anayefunga siku 40.

Kidonda cha duodeni kina tabia ya kuuma mtu akiwa na njaa, na usiku wa manane, kisha kutulia akila. Hapo ndipo watu walipochanganya. Njaa inakionyesha kidonda kilichokwisha kuwepo, na chakula kinakituliza bila kukiponya. Maziwa nayo yanapoza kwa muda mfupi, halafu protini yake inaita gastrini zaidi.

Kabla hatujarudi kwa mama, kuna ugonjwa mmoja unaoonyesha hatari ya bomba lililokosa mfungaji kuliko vidonda, nao una historia na mto wetu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 jinsi kipindupindu cha 1869 kilivyoshuka kwa njia za misafara kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani, kisha kikavuka bahari na kuua maelfu Unguja. Sumu ya kipindupindu haitoboi utumbo. Inaingia ndani ya seli zake na kuiwasha ile amri ya "toa maji" isizimike. Mgonjwa anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Lakini mlango unaoingiza sukari pamoja na chumvi, na maji yakifuatana navyo, sumu haiugusi. Kwa hiyo lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vinaokoa maisha mgonjwa akiwa njiani kwenda zahanati. Sukari pekee au chumvi pekee haitoshi.

Kwa mwenye maumivu ya tumbo ya mara kwa mara, kipimo kizuri cha bakteria huyu ni cha kinyesi. Kile cha damu kinachotafuta kingamwili kinaweza kuonyesha "yumo" hata baada ya mtu kupona. Aliyekuwa akitumia omeprazoli amweleze mhudumu, maana inaweza kuficha majibu, na kwa kawaida huachwa wiki mbili kabla ya kupima. Matibabu ni dawa za kuua bakteria zaidi ya moja pamoja na ya kupunguza asidi, kwa siku 14 mara nyingi, bila kukatisha. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, au kukonda bila sababu si mambo ya kungojea kipimo cha wiki ijayo. Mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna waamini waliotuuliza pia kuhusu omeprazoli na Komunyo, kwa sababu inamezwa nusu saa hivi kabla ya kula, na Misa ya kwanza ni alfajiri. Kanuni ya 919 inataka mtu asile wala kunywa kwa saa moja kabla ya kukomunika, isipokuwa maji na dawa. Meza dawa yako, nenda Misa, chai utaikuta.

Mama yetu alipima. Bakteria walikutwa, na Jumatano ya Majivu ilimkuta katika siku ya tano ya dawa. Alipakwa majivu, akala ugali na mchicha saa saba kama alivyoagizwa, na akatuambia kwamba mwaka huu mfungo wake ni zile soda mbili za jioni.