Kisu Kigumu na Ufito wa Kukinolea

Katika kitalu cha shule yetu mna kisu kimoja cha kukunja ambacho hutunzwa kuliko majembe yote yaliyomo ghalani. Ndicho kisu cha kubebeshea miti. Kila mwaka mwanafunzi mmoja wa darasa la juu hukabidhiwa kisu hicho, na mwaka jana nalikabidhiwa mimi. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimekitia mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka sita. Naandika ili mwenzangu atakayekipokea asirudie kosa langu, na ili wasomaji wengine wenye visu vigumu mifukoni wajue wachague ufito gani wa kunolea.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini kisu hiki hutakiwa kiwe kikali mno. Hapa Bujumbura twabebesha miembe na miparachichi. Mtu huchukua kijiti cha mti mzuri, akakipachika juu ya mche wa kienyeji, kisha akavifunga pamoja kwa utepe wa plastiki. Viwili hivi huungana kwa ile ngozi changa tu iliyo chini ya gome. Kisu kikiwa kikali, mkato huwa laini kwa pigo moja, ngozi ikagusana na ngozi, na mti ukashika. Kisu kikiwa butu, mkato huwa na mawimbi, ngozi huchubuka, ukungu huingia, na baada ya majuma machache kijiti huwa cheusi. Kidole nacho kimo hatarini, maana kisu butu hutaka nguvu, na mkono wenye nguvu ukiteleza hausimami upesi.

Basi nilipoona kisu kimeanza kuwa kizito, nalikwenda jikoni kuazima ufito wa mpishi. Ni kile chuma cha mviringo chenye mistari mirefu, ambacho wauza nyama hupenda kukining'iniza kiunoni. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akipitisha kisu chake juu ya ufito ule, chwa! chwa!, kisha akapasua tumbo la mukeke kama mtu anayefungua barua. Mzee yule alipoona kisu changu aliniuliza, "Mwanangu, hicho ni cha chuma gani?" Nikamjibu, "Mzee, chuma ni chuma." Akanyamaza, akanipa ufito. Nami nikakipiga kisu kwa nguvu zangu zote. Nilipokiinua penye jua nikaona vitone vinavyong'aa katika makali, na kila kitone kilikuwa pengo. Juma lile nilibebesha miche 12 ya miembe, ikashika 2.

Kumbe chuma si chuma. Vyuma vya visu hutofautiana sana kwa ugumu, na ugumu huo hupimwa kwa kipimo kiitwacho Rockwell, kwa jina la Wamarekani wawili, Hugh na Stanley Rockwell, waliopewa hati ya ubunifu wao mwaka 1919. Ncha ya almasi hukandamizwa juu ya chuma kwa uzito wa kilo 150, kisha hutazamwa imezama kiasi gani. Ikizama kidogo, namba huwa kubwa. Visu vya Victorinox vya Uswisi hupata 55 au 56. Opinel za Ufaransa zilizo za chuma kinachoshika kutu hupata 57 hadi 59. Siku hizi viko visu vya kukunja vya bei kubwa vinavyofika 60, hata 64.

Hapa ndipo penye siri. Makali ya kisu laini, kama cha mpishi wetu, yakichoka hupinda upande kama ncha ya jani. Ufito wa chuma hauli kisu kile sana. Kazi yake kubwa ni kuyanyosha makali yaliyopinda. Lakini makali ya kisu kigumu hayapindi kwa urahisi. Yakizidiwa humeguka. Ukiyagonga juu ya ufito wenye mistari, kila mstari huwa kama jino dogo linalong'oa kipande. Isitoshe, ufito wa chuma wenyewe haukizidi sana kisu kigumu kwa ugumu, kwa hiyo hauwezi kukisaga vizuri.

Kisu kigumu chataka ufito unaosaga polepole, nao ni ule wa kauri. Hutengenezwa kwa oksidi ya alumini iliyochomwa kwa moto mkali. Katika kipimo cha madini, kinachoanza 1 hadi 10, oksidi hiyo hushika 9, na almasi 10. Ukichagua, tafuta ulio laini kabisa, usio na mistari, na urefu wake uwe kama mara mbili ya bapa la kisu. Tazama unene pia, jambo ambalo wengi hawalifikiri. Ufito mwembamba kama penseli hugusa makali mahali padogo sana, na uzito wote wa mkono hukaa hapo. Ulio mnene kama kidole gumba ni salama zaidi.

Fito za almasi nazo zimo madukani, nazo husifiwa kupita kiasi. Zinakula chuma upesi, hivyo zinafaa kuondoa mapengo, lakini ile ya chembe kubwa huacha makali kama msumeno na kupunguza umri wa kisu. Wenye haki ya kuitaka ni wenye visu vya chuma kilichotiwa vanadi nyingi, kwa maana chembe za vanadi zilizomo ni ngumu kushinda hata kauri. Hao watafute almasi ya chembe ndogo, tena wasikandamize, wasije wakaing'oa ile almasi yenyewe.

Kama hujui kisu chako ni kigumu au laini, nenda Buyenzi kwa mafundi wa magari, uazime tupa iliyo kali. Ipitishe polepole mgongoni mwa kisu, karibu na mpini. Ikiuma upesi, kisu ni laini, na ufito wa mpishi watosha. Ikiteleza kama juu ya kioo, ni kigumu.

Na asiye na fedha asikate tamaa. Geuza kikombe cha kauri chini juu, utaona duara isiyong'arishwa. Ikiwa haina mikwaruzo, nayo hunoa vema. Mimi nilijifunzia hapo, kwa sababu ufito wetu tuliupata baadaye, kutoka Nairobi.

Namna ya kunoa si ngumu. Kunja pembe ya karatasi mara mbili: digrii 90 huwa 45, kisha 22 na nusu. Inamisha kisu chini kidogo ya hapo. Pitisha kama unayetaka kukata ufito kipande chembamba, kwa uzito wa kisu chenyewe tu, mara tano kila upande. Kisu chetu cha kitalu kina makali ya upande mmoja, kwa hiyo hunolewa upande huo, kisha upande wa pili hulazwa bapa juu ya ufito mara moja tu ili kuondoa uzi wa chuma uliobaki. Jaribu kwa karatasi ya daftari, si kwa kidole.

Mapengo yangu yaliondolewa na mwalimu wetu wa kilimo kwa kinoo cha jiwe, jioni tatu mfululizo, huku nikimwagia maji. Hakunigombeza. Kisu kimekuwa chembamba kidogo, lakini miembe inashika.

Ufito wa kauri ukiwa mweusi, uoshe kwa sabuni na majivu. Uvike kipande cha mpira wa baisikeli, kwani ukianguka juu ya saruji huvunjika. Wetu ulianguka mwezi wa Machi, ukawa vipande viwili. Kile kirefu kiko kitaluni. Kile kifupi amekichukua mzee mpishi, ingawa visu vyake havikihitaji.